Mama Mkwe wa Bahasha

Jumapili, mwezi wa saba. Baridi kali. Upepo ulianza alfajiri na mpaka sasa, saa kumi na moja jioni, haujachoka. Misa ya kwanza watu walivaa sweta mbili mbili, na padre naye alihubiri kifupi, Mungu ambariki.

Shajara yangu, leo nina jambo zito na nilisema sitalizungusha. Lakini itabidi nilizungushe kidogo, maana linaanzia kwenye tamthilia.

Wanaosoma hapa mtandaoni wananijua. Mimi ni fundi cherehani hapa Sumbawanga, chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho kiwanda changu, na juu ya kabati la vitambaa kuna televisheni ndogo. Ndani ya televisheni hiyo wanaishi Wakorea. Wakati mwingine Wafilipino, mara chache Wachina. Naenda laibrari ya muvi pale sokoni na flashi yangu, najaziwa vipindi kumi na sita, narudi nashona. Mwaka jana nilipachika mkono wa kushoto wa gauni la kipaimara upande wa kulia, kwa sababu kijana mmoja tajiri alikuwa amepiga goti kwenye mvua anamfunga binti kamba za viatu. Nikafumua. Sikujuta.

Kuna wanaonisema. Mama mzima, wa umoja wa akina mama parokiani, mwenye rozari shingoni, anatazama mapenzi! Jibu langu ni lile lile siku zote. Nioneshe mapenzi mengine ambayo watu wanashikana mikono kwa mara ya kwanza kipindi cha nane, na wakishikana wote wawili wanaona aibu. Unaweza kutazama baba mkwe wako ameketi hapo hapo. Hakuna haja ya kukimbilia rimoti.

Halafu wanaheshimu wakubwa. Kijana ana magari manne, lakini bibi yake akiingia anasimama na kuinama. Na wanakula! Kabla hawajaambiana "nakupenda" wanaulizana kwanza, "Umekula?" Hapo ndipo waliponipata. Baba Deo tangu tufunge ndoa hajawahi kuniambia neno "nakupenda" kwa mdomo wake, lakini hajawahi kurudi shamba bila kuuliza kama nimekula. Miaka mingi nilidhani sikupendwa kama wengine. Wakorea ndio walionitafsiria mume wangu.

Si kwamba nakubali kila kitu. Ile tabia ya kumshika binti kifundo cha mkono na kumburuta nje ya hoteli, siipendi, hata kama anayeburuta ana sura ya malaika. Lile lori linalotokea kila kipindi cha kumi na mbili kugonga mtu, nimelichoka. Kupoteza kumbukumbu nako kumezidi. Huku kwetu watu wanaanguka kutoka juu ya miti na bado wanakumbuka mpaka jina la mbuzi wa jirani. Na mtafsiri wetu wa Kiswahili apunguze kuchomekea vichekesho vyake pale watu wanapolia.

Kinachoniuma zaidi ni kijana wa pili. Yule mpole, anayemletea binti dawa akiugua, anayesikiliza, halafu mwisho anaachwa amesimama na mwavuli wake. Kuna mmoja niliwahi kumwanzia rozari. Nilipofika fungu la pili nikakumbuka kwamba ni mwigizaji, nikaielekeza kwa roho za toharani.

Sasa nifike kwa mama mkwe.

Karibu kila tamthilia ina mama wa kijana, amevaa lulu, ana mkoba mdogo. Anamwita binti maskini kwenye mgahawa, anaagiza chai ambayo hainywi, kisha anasukuma bahasha ya pesa juu ya meza. "Chukua, uachane na mwanangu." Binti akikataa anamwagiwa maji usoni. Mimi huyo mama simwezi. Namtukana mpaka wateja wanacheka. Kwa maoni yangu, huyo ndiye mtu mbaya kuliko wote humo, kushinda hata wezi, maana mwizi anajua kwamba ni mwizi.

Leo baada ya misa nilikaa kutazama. Jumapili sishoni. Tulikuwa watatu: mimi, binti yangu Editha aliyemaliza kidato cha nne, na jirani yangu Mama Yustina, ambaye huja na jiko lake la mkaa ili tuote wote. Mama wa lulu akatoa bahasha. Mimi nikarusha kanga.

"Shetani mkubwa wewe! Huna hata haya! Mtoto wa watu amekukosea nini?"

"Mwambie, Mama Deo," Mama Yustina akasema, "mwambie mpaka asikie huko huko kwao."

Editha hakucheka. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua hata kichwa.

"Mama," akasema, "si na wewe ulimfungashia Minza maharage?"

Mama Yustina aliangalia mkaa. Mimi niliangalia televisheni na sikuona kitu.

Shajara, hili sijakuandikia. Nimekuandikia habari za kijana wa pili kurasa nzima na hili nimeliruka. Basi nalisema.

Mwanangu wa kiume ni mmoja tu, Deo. Ni bwana mifugo, kazi yake iko Kaoze, kule chini bondeni. Mwezi uliopita aliniletea binti nimwone. Anaitwa Minza, Msukuma, wazazi wake walihama na ng'ombe zao kutoka upande wa Shinyanga wakahamia huko huko bondeni yeye akiwa mdogo. Alipiga magoti pale mlangoni akanisalimu, "Shikamoo mama," kwa sauti ya chini. Alikuja na kopo la samli. Hakuwa na kosa lolote. Nilimtafuta kosa, sikuliona.

Sasa, kwetu Wafipa mgeni hafukuzwi. Mgeni akiaga ndipo unamfungashia, maharage au unga, na unamsindikiza mpaka njiani. Ukimfungashia akiwa bado hajala, umemwambia njia ile pale. Kila mtu hapa analijua hilo, na hakuna anayeweza kukushika nalo, maana umetoa zawadi.

Mimi nilijaza mfuko wa maharage wakati Deo ametoka kidogo na ugali ulikuwa haujasongwa. Nikaufunga kamba. Nikauweka mlangoni, kando ya viatu vyake.

Minza alitoka kunawa mikono, akauona. Alirudi akala matonge matatu, akasema, "Asante sana mama, ngoja niwahi gari." Gari la bondeni lilikuwa limeondoka asubuhi na mapema, na wote wawili tulijua. Nikamwambia, "Haya mwanangu, safari njema." Sikumsindikiza. Nilisema miguu inauma.

Haikuwa inauma.

Deo aliporudi nilimwambia shida ni dini, kwamba wenzetu wanasali dhehebu jingine. Kwenye kitubio sikulitaja kabisa, kwa sababu nilijiambia ni zawadi, na zawadi si dhambi. Mbele ya Mungu na mbele yenu mnaosoma, dini haikuwa shida; binti mwenyewe alishasema yuko tayari kukaa na katekista afundishwe. Shida ya kwanza ilikuwa hasira ya zamani, kwamba ng'ombe za wafugaji waliwahi kula shamba la kaka yangu. Si ng'ombe za baba yake Minza. Ng'ombe tu. Shida ya pili naona aibu hata kuiandika. Niliogopa mwanangu atakuwa na nyumba iliyojaa watu wanaocheka kwa Kisukuma, na mimi nitakaa kwenye kiti cha mgeni, natabasamu bila kuelewa.

Tangu siku ile Deo hajaja nyumbani. Nikipiga simu anasema, "Shikamoo mama, niko kazini," inakatika. Ijumaa alimpigia baba yake. Minza anaondoka Jumatano kwenda kuishi kwa shangazi yake mkubwa huko Shinyanga, na amemwambia Deo asimfuate. Mshenga tuliyekuwa tumtume baada ya mavuno hana tena pa kwenda.

Hayo niliyajua tangu Ijumaa, na jana nikakaa kutazama vipindi vinne.

Baada ya neno la Editha nilizima televisheni. Mama Yustina alibeba jiko lake, akaniambia mlangoni, "Mwenzangu, mimi niliuona ule mfuko siku ile. Nikanyamaza. Tumekosa wawili." Nikaenda uani, Baba Deo alikuwa anapukuchua mahindi.

"Baba Deo, ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Maharage."

Akapukuchua gunzi lote ndipo akajibu. "Nilijua."

"Mbona hukunisema?"

"Mimi nikikusema unaniambia nimetoka shamba nimechoka. Mkorea akikusema unalia. Nikaona nimwachie Mkorea."

Nilicheka huku machozi yananitoka. Yeye hakucheka sana. Akasema tu, "Ila Jumatano ni karibu."

Sasa nitoe maoni yangu ya mwisho juu ya hizi tamthilia, na haya nimeyapata leo hii. Nimejaribu kukumbuka zote nilizotazama. Yule mama wa bahasha, mwisho wake huwaje? Kipindi cha kumi na sita unamkuta tu amebeba mjukuu, anatabasamu, lulu shingoni. Lini aliomba msamaha? Alikwenda kwa nani? Alisema maneno gani? Hawaoneshi. Wanatuonesha kijana anakimbia uwanja wa ndege nusu saa nzima, jasho linamtoka, muziki juu, lakini mama kumwendea binti na kusema "nimekukosea", hiyo hawana muda nayo. Wanaruka. Kama mimi nilivyoruka kwenye kitubio.

Nadhani wanaruka kwa sababu haina uzuri. Hakuna mvua wala mwavuli. Ni mama mtu mzima ameketi kwenye nyumba ya watu, hajui mikono aiweke wapi.

Basi hiyo iliyorukwa nitaicheza mimi.

Nimeamua hivi, na naandika ili nisigeuke. Kesho nashuka Kaoze. Sitamtuma Deo, sitamtuma mshenga, wala sitamtanguliza Baba Deo anisemee kwa ule upole wake. Naenda mwenyewe. Na naenda mikono mitupu, Mungu anisamehe, jambo ambalo mama wa Kifipa hafanyi. Editha ameshtuka: "Mama, hata sukari?" Hata sukari. Mara hii nikibeba kitu, kitu ndicho kitakachosema, na mimi nitajificha nyuma yake tena. Mdomo uliokaa kimya ndio utakaofanya kazi.

Nilimwomba Editha namba. Kumbe wamekuwa wakiongea muda wote huu, wao wawili, bila mimi kujua. Nikapiga hapa hapa kwenye cherehani, nimeshika mkasi sijui wa nini.

"Shikamoo mama," Minza akasema. Alinitambua kabla sijataja jina.

"Marahaba mwanangu. Kesho nakuja kwenu."

Nilisikia ng'ombe wanalia nyuma yake, na mtu anawapigia mluzi.

"Kuna nini, mama?"

"Kuna kosa langu. Nataka kulisema mbele yako na mbele ya mama yako."

"Mama ni mkali."

"Ana haki."

"Na baba atakuwepo. Na mama mdogo amekuja kunisaidia kufungasha." Akakatisha hapo, kama neno lile limemchoma mdomoni. Mimi lilinichoma sikioni.

"Nao wakae," nikasema. "Wote wakae. Nataka wanisikie wote."

Kisha akasema, "Huku kuna joto, mama. Usije na sweta zito." Hakusema karibu. Lakini hakusema usije.

Sijui watanipokea vipi. Inawezekana mama yake akanisema mbele ya watu, na nitakaa nisikilize. Inawezekana Minza akasema amenisamehe na bado Jumatano akapanda basi lake, na hiyo ni haki yake. Siendi kumnunua arudi. Kama ataondoka, aondoke akijua kwamba nyumba yetu haikumkataa kwa kosa lake. Na Deo ajue mama yake ana mdomo. Wakinipa chakula nitakula mpaka nishibe. Wakicheka kwa Kisukuma nitauliza wanacheka nini.

Leo jioni nitasali, lakini sitamwomba Mungu anifanyie kazi hii. Nitamwomba miguu isianze kuuma.

Flashi bado ina vipindi sita. Vitasubiri.

Gari la bondeni linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Dereva atanikuta nimeshakaa.