Ploti Tuliyoibariki Bila Kuipima

Jumatatu, 3 Machi
Nimefika Gitothua mapema, kwa ploti yangu. Fundi amefika lenta, juu ya madirisha, vyumba sita vya kupangisha. Nimemwagilia kuta mwenyewe. Nina raha, nisijidanganye. Miaka thelathini ya chaki, na pensheni yote iko kwa hizo kuta. Jioni, Thika, nimewahubiria walimu wastaafu wenzangu: msinunue ardhi bila sachi. Nendeni ofisi ya ardhi, muone jina la muuzaji ndilo liko kwa taito, ile hati ya ardhi. Mimi nilifanya. Wakaitikia kama darasa la nne.

Jumatano, 5 Machi
Mama mmoja amekuja mjengoni. Nesi, mtu wa Kakamega. Hakusalimia. "Mzee, nani amekuruhusu kujenga kwangu?" Nikacheka. Nikamwonyesha taito yangu, akanionyesha yake. Nambari mbili tofauti, na yeye ana ramani inayoonyesha yake ndiyo hapa. Nimesimamisha kazi.

Alhamisi, 6 Machi
Mama Njeri, bibi yangu, haniongeleshi. Yeye ndiye alisema tulete mpima ardhi kabla ya kuchimba msingi. Nikamwambia ya nini, na ploti tumeonyeshwa na Gathogo, broka, mzee wa kanisa letu? Tukaleta mchungaji badala yake. Tukaimba, akaombea pembe zote nne, watu wakala pilau. Ngai! Pembe nne za wenyewe. Ujinga wangu mtupu.

Ijumaa, 14 Machi
Mpima ardhi amekuja. Hakumaliza hata nusu saa. Ploti yangu iko chini kule, na nusu yake ni shimo la machimbo ya mawe, limejaa maji. Sachi haikudanganya. Sachi inakupa jina la mwenye ardhi, haikuonyeshi ardhi iko wapi. Hiyo ni kazi ya mpima, akutafutie bikoni, yale mawe ya mpaka, ramani ikiwa mkononi. Mimi nilionyeshwa kwa kidole.
Gathogo hashiki simu.

Jumanne, 25 Machi
Nesi amekataa tubadilishane. Ni haki yake. Namchukia tu.
Tunabomoa. Mawe mengi yanapasuka yakitolewa. Mama Njeri anapanga yaliyopona, analia, anapanga.

Jumapili, 30 Machi
Sikuenda kanisani. Gathogo amekuja hapa Thika baada ya ibada, Biblia kwapani, bila haya.
"Pole, Mwalimu. Usife moyo. Hiyo ya shimo nitakutafutia wanunuzi. Kuna bwana na bibi wa Membley wanatafuta ploti. Taito yako ni safi, hata wakifanya sachi itatoka sawa. Tutawaonyesha ile nyingine ya juu, yenye nyasi."
Kumbe alijua tangu mwanzo. Nilitamani kumkaba koo.
Nikamwambia anipe wiki moja nifikirie.
Mama Njeri ameuliza ni nani alikuwa langoni. Nimesema ni mtu wa mayai.