Kiti Kilichong'ang'ania Meza

Candiru mjukuu wangu,

Sisi huku Arua tu wazima, ila nyanya yako anauliza kama Koboko mnakula. Umesema unaogopa mtihani wa kuchomelea kiti mbele ya watu: ukikosea, je?

Mimi pia nilikuwa na haya. Siku ya kupimwa, fundi aliyenifunza alitaka kukishusha kiti changu kutoka meza yake ya kazi ili Mama Samaki, mtu mzito kuliko wote sokoni, akikalie. Akavuta. Meza nzima ya chuma ikafuata. Nilikuwa nimevichomelea pamoja!

"Wewe kijana, mteja atabeba na meza yangu?"

Watu wakacheka. Nikachukua grainda, nikakata, nikachomelea upya. Mama Samaki akakaa, akajitikisa.

"Kiti iko nguvu. Mimi sitoki."

Basi ukikosea, kata, urudie. Waache wacheke, hao hao ndio watakaokikalia.

Babu yako