Kiatu cha Kibonge

Jumapili, 3 Machi

Nimefagia! Seva ilikuwa imejaa pomoni — maelfu ya wanyama wa ule mchezo wa mtandaoni, wamevalishwa makofia na mabuti, halafu wenyewe wakawasahau. Nimeandika amri moja: akaunti isiyofunguliwa miaka miwili itoke, na mnyama wake. Kwisha kazi. Tovuti inakimbia sasa. Mchoraji, anayetuchorea nguo, ameandika eti leo nastahili soda. Kampuni yenye mchezo hata haitujui, tovuti hii ni yetu mashabiki tu. Lakini nalala na raha zangu.

Jumatano, 13 Machi

Mungu wangu.

Mama kapiga kwa simu ya jirani. Yake iko kwa fundi wiki ya pili, kioo kilipasuka. Jumamosi anaichukua, kisha anapitia hapa. Anasema amemkumbuka Kibonge.

Kibonge! Mnyama wa dada. Nikaenda mbio kumtazama. Hayupo. Ukurasa mweupe.

Dada ametutoka miaka miwili na miezi mitatu sasa, nani angefungua akaunti yake? Mama hana hata neno la siri. Anafungua tu ule ukurasa kila asubuhi na chai yake, anamwambia Kibonge "umeamkaje", basi. Na mimi, mjinga mimi, nilihesabu walioingia. Waliokuja kuangalia tu sikuwahesabu.

Nakala za akiba tunaweka za siku saba. Leo ni ya kumi.

Alhamisi, 14 Machi

Ofisini nimemjibu bosi "ndiyo" mara mbili bila kusikia swali.

Mchoraji amepekua mafaili yake yote. Ana picha moja ya skrini, ya siku Kibonge aliposhika nafasi ya tatu kwenye mashindano ya mavazi. Nimefurahi hadi nikalia. Ananishauri nimwambie Mama ukweli, mama ni mama. Rahisi kwake! Hakumwona Mama mwaka ule wa msiba, amekaa kitandani na simu ya dada mkononi, uji unapoa, haongei na mtu. Kibonge ndiye aliyemwinua. Nikimwambia nimemfuta, atarudi kitandani. Naogopa jamani. Naogopa sana.

Ijumaa, 15 Machi

Nimemtengeneza upya. Masikio ya kijani, koti la mvua la njano, skafu, mabuti mawili mekundu. Kila kitu kama kwenye picha, na anwani ya ukurasa ileile. Nimemkodolea macho mpaka yakauma. Ni yeye. Ni yeye kabisa!

Mbona basi najiona kama mwizi nyumbani kwetu?

Jumamosi, 16 Machi

Amefika. Hata mkoba hajautua, kafungua ukurasa. Nilikuwa namenya viazi, kisu kikasimama chenyewe. Akatabasamu. "Umeamkaje, we mtundu." Nikashusha pumzi.

Halafu akaisogeza simu karibu na pua. Akauliza, mbona Kibonge karudishiwa kiatu?

Kiatu gani, Mama?

Akanieleza, taratibu, wala hana hasira. Wiki ile ya mwisho, wodini, mguu mmoja wa dada ulivimba ukakataa hata ndala. Basi wakamvua na Kibonge buti moja, ili wafanane. Wakacheka mpaka nesi akaja kuwanyamazisha. Siku ile ndiyo dada alicheka mara ya mwisho, Mama anasema. Picha ya Mchoraji ni ya kabla ya hapo. Mimi sikujua. Hakuna aliyeniambia — na mimi sikuuliza.

Akanikabidhi simu. Itakuwa hitilafu tu, anasema, si wewe ndiye fundi wao? Mvue basi, mwanangu.

Ni kubonyeza mara moja tu! Lakini mguu gani?

Nimemwambia nafuata chaja. Niko chumbani, mgongo mlangoni, daftari gotini. Kulia au kushoto? Wodini nilikwenda mara mbili — kazi, kila siku kazi — na mara zote mbili dada alikuwa amejifunika shuka mpaka kifuani. Nikikosea mguu, atajua huyu si yule. Nikimuuliza, atajua yule wa kwanza hayupo tena.

Anaita kutoka jikoni: chaja ya nini tena, mbona simu imejaa?

Nasikia kiti kinasogezwa. Anakuja.