Mke wa Baba kwa Tashbihi Tatu

Jumatatu, 14 Julai 2025

Leo Kiingereza kilikuwa kitamu! Mwalimu Kamala kafundisha simile na metaphor. Kumbe simile ni tashbihi ile ile ya kwenye Kiswahili, imevaa suruali tu. Metaphor ndiyo sitiari. Akatoa mfano: Clotilda anacheka kama debe linaloburutwa kwenye kokoto — tashbihi. Clotilda ni debe — sitiari. Darasa zima tulivunjika mbavu, na aliyecheka zaidi ni Clotilda mwenyewe. Debe kweli.

Kazi ya nyumbani: mweleze mtu mmoja wa kwenu, sentensi tano, tashbihi tatu. Zilizo nzuri zitabandikwa ukumbini siku ya wazazi.

Kwetu tuko watatu tu. Baba yuko njiani na lori, Kahama. Nimuandike nani? Amebaki mama mdogo, mke wa Baba.

Jumanne, 15 Julai

Nimemaliza. Nimeandika kwanza kwa Kiswahili, kisha nikaigeuza Kiingereza kwa kamusi. Iko hivi:

Mke wa baba yangu anaitwa Jovita, anatoka Kishanda. Tangu aje ni miaka miwili. Ni kama kufuli. Anatembea nyumbani kwetu kama mgeni aliyesahau kuondoka. Macho yake ni kama madirisha ya nyumba isiyo na watu.

Nimeisoma mara sita. Ile ya mgeni ilinijia yenyewe nikiwa naosha sufuria! Na yeye alikuwa hapo hapo anamenya ndizi, kimya kama kawaida. Akauliza ninaandika nini. Nikasema kazi ya shule. Akasema nisiiname hivyo, nitaumia mgongo.

Sina ubaya naye. Hajawahi kunipiga. Lakini mama alikufa nikiwa Darasa la Tano, na huyu anapikia mwiko wa mama. Basi.

Jumatatu, 21 Julai

Kumi na nane kwa ishirini!!! Mwalimu kaisoma mbele ya darasa bila kutaja jina. Alipofika kwenye ile ya mgeni, nyuma wakaguna, "Aaah!" Clotilda akaninong'oneza kwamba natisha.

Mbili zimekatwa kwa sababu ya sentensi. Ameandika kwa wino mwekundu kwamba zote ni fupi fupi, hakuna hata moja yenye kishazi cha sababu. "Because" iko wapi? — Itabandikwa hivyo hivyo. Hahaa.

Ijumaa, 25 Julai

Baba kapiga simu. Lori limekufa gia, kesho siku ya wazazi hafiki. Mama mdogo atakuja badala yake. Ameshapiga pasi kitenge chake cha kanisani.

Ukutani kuna jina langu. Na ndani ya karatasi kuna jina lake.

Hajui Kiingereza. Aliishia Darasa la Saba. Hajui Kiingereza, hajui Kiingereza.

Jumamosi, 26 Julai

Nimefanya jambo baya. Naliandika lote.

Alifika kabla ya wazazi wengi. Akasalimia kila mwalimu kwa kupiga goti kidogo, nikaona haya. Kisha akaenda ukutani moja kwa moja. Alikuwa anatafuta jina langu! Karatasi moja baada ya nyingine. Alipolipata akaweka kidole chini yake, Edvina Rwegasira, akanigeukia. Sijawahi kumwona anacheka hivyo, meno yote.

"Wameandika nini? Nisomee."

Nikasema ni habari za mama. Marehemu mama.

Akaondoa kidole kwenye jina. Halafu akasema, "Umefanya vizuri. Mtu asimsahau aliyemzaa. Soma."

Nikasoma. Yaani nikabuni. Nikatazama Kiingereza changu na kusema kwa Kiswahili kwamba mama alikuwa kama kivuli cha mgomba wakati wa kiangazi, na sauti yake ilikuwa kama maji kwenye mtungi. Akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Namshukuru Mungu hakuliona jina lake, lilikuwa limefunikwa na kivuli cha nguzo. Au aliliona akaniamini mimi. Sijui.

Kisha akatoa simu. Akampa Clotilda apige picha ya karatasi. "Nimtumie baba yake," alisema. "Afurahi huko aliko."

Clotilda akanitazama. Akapiga. Ikaenda.

Baba anajua Kiingereza. Alimaliza Kidato cha Nne.

Jumapili, 27 Julai

Kanisani sikusikia hata mstari mmoja wa mahubiri. Mama mdogo alikuwa anachungulia simu chini ya kitabu cha nyimbo. Tiki moja. Tiki mbili. Mchana zikawa za bluu.

Saa tisa Baba akapiga, akataka kuongea na mimi. Nikatoka hadi migombani. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Aliuliza nilimwambia nini mama mdogo, nikamweleza.

Kisha: "Nafika Jumatano. Umwambie mwenyewe kabla sijafika. Mimi sitamwambia, na sitamdanganya."

Niliporudi ndani mama mdogo akauliza kama Baba amefurahi. Nikasema ndiyo.

Uongo wa pili.

Jumatatu, 28 Julai

Nilimfuata Mwalimu Kamala ofisini, nikaomba karatasi ishushwe. Akauliza kwa nini. Nikamwambia yote, huku nalia kama mtoto wa chekechea. Hakunigombeza. Alivua miwani akaifuta muda mrefu.

Akasema yeye alipima tashbihi, hakupima kama ni za kweli. Kwamba hilo ni kosa lake pia, kubandika mtu wa watu ukutani bila kuuliza.

Akaenda kuibandua mwenyewe. Kabla ya kunipa akaweka kidole kwenye ule wino mwekundu.

"Hebu nijibu tu kwa mdomo. Yuko kama kufuli kwa sababu gani?"

Sikuwa na jibu. Miaka miwili tunakula meza moja!

Jumanne, 29 Julai

Nimemwambia.

Alikuwa nyuma ya nyumba anakata majani makavu ya migomba. Nikasema, mama mdogo, ile karatasi haikuwa ya mama. Nikamsomea kwa Kiswahili, safari hii bila kubadili neno. Kisu kiliendelea kukata. Nilipomaliza kikasimama.

"Rudia hiyo ya mgeni."

Nikarudia.

"Hiyo ni kweli," akasema.

Akakaa juu ya majani. Akanisimulia kwamba wiki yake ya kwanza hapa alishusha picha ya mama ukutani aifute vumbi, mimi nikamnyang'anya nikamwambia asishike vitu vya watu. Tangu siku hiyo, kabla ya kugusa kitu anajiuliza kwanza. Hata mwiko alimwomba Baba ruhusa.

Nilitaka kusema sikumbuki. Lakini nakumbuka. Nilikuwa na miaka kumi na nne.

"Ya kufuli sijui," akasema. "Labda kwa kuwa siongei. Nikiongea Kiswahili mnacheka, wewe na rafiki yako."

Mawe, mama wee! Ni kweli. Tunamwigiza jinsi anavyochanganya na Kihaya. Clotilda huwa anakuja jikoni kwetu makusudi kumsikiliza. Nilidhani hajui.

Nikalia. Yeye hakulia. Nikasema nisamehe, waitu, kwa heshima ya Kihaya. Hakusema amenisamehe wala hajanisamehe. Aliomba karatasi. Akatafuta mpaka akaliona, Jovita, akalitazama.

"Jina langu halijawahi kuandikwa kwa Kiingereza," akasema.

Akaikunja mara nne, akaiweka kifuani, akarudi kwenye majani. Nikaokota yaliyoanguka.

Jumatano, 30 Julai

Asubuhi nilimwomba ile karatasi niichane. Akakataa. Ni yake. Nikasema basi nitaandika nyingine. Akasema, "Andika. Ila usiandike uzuri ambao haupo."

Tangu nitoke shule niko mezani. Nimeandika: Mama mdogo hasemi sana kwa sababu. Nimekwama hapo. Najua kilichobaki, mkono ndio hautaki.

Saa kumi na moja Baba amefika. Nimemsikia akishusha mzigo, wakasalimiana. Hakuingia huku. Wako jikoni, wanaongea Kihaya kwa sauti ya chini. Nasikia jina langu. Baba anauliza kitu. Mama mdogo anajibu kirefu — kirefu! Sijawahi kumsikia akiongea kirefu hivyo. Simsikii vizuri.

Baba ameita. "Edvina! Njoo hapa."

Nimesimama. Halafu sauti ya mama mdogo, kwa Kiswahili, kwa nguvu, nadhani ili nisikie:

"Mwache kwanza. Mtoto anaandika."

Nimekaa tena. Nimeshika kalamu, namalizia: kwa sababu tunamcheka. Nasikia viatu vya Baba vinakuja mlangoni, na vya mama mdogo nyuma yake —