Serjenti Asajile, Baraza Limejibu

Ndugu yangu Asajile,

Kamwene, kwa Kihehe chetu. Najua ungeniitikia kwa Kinyakyusa makusudi, ili nionekane mgeni mbele ya watu wako, halafu ucheke peke yako. Kicheko hicho sikisikii tena, si huku Iringa kwetu, si kule kwenu milimani. Nimekaa uani. Ulanzi nimeuacha kwenye kibuyu mpaka nimalize, maana nikinywa kwanza nitakuandikia matusi, na wewe hukuyapenda matusi hata tulipokuwa jeshini, ambako kila mtu hutukana.

Usishangae mwandiko huu wa kuku. Naandika kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia haukunji vidole tena. Ulituambia tulale nyuma ya kichuguu na tusiinue vichwa, nami nikachungulia. Kipande cha bomu kilinipata hapo.

Wewe unajua yalivyokuwa. Lakini acha niyaseme hivyohivyo, kwa sababu tangu ulipokufa yamesemwa na watu ambao hawakuwepo.

Tulikuwa kwenye mazoezi katika nyika ya Usangu. Wakubwa walikuwa wanakuja kututazama siku ileile, na lori likaleta masanduku ya mabomu ya ule mzinga mdogo, wa kutumbukiza bomu kwa juu. Mabomu ya tangu vita. Yalikuwa yamekaa pwani miaka na miaka, kwenye joto na chumvi. Ulifungua sanduku la kwanza, ukafuta bomu kwa kiganja, ukanusa kiganja. Ukaniambia, "Vitalis, haya yametoka jasho." Ukafungua la pili, hivyohivyo. Ukafunga mkanda wako vizuri, ukaenda kwa Kapteni, yule tuliyemwita Bwana Haraka, ukapiga saluti. Mimi nilikuwa karibu, nilisikia.

"Bwana Kapteni, mabomu haya ni mabovu. Tusiyarushe leo."

Akatazama saa yake. "Serjenti, yamekaguliwa Ulaya. Wewe ni nani?"

"Ni serjenti, Bwana."

"Basi rusha."

Ukarudi. Uso wako haukuonyesha kitu. Ukatuambia sote twende nyuma ya kichuguu, nami nikakataa, maana mzinga ule ni kazi ya watu wawili, na mwenzako ni mimi. Ukanisukuma kifuani. "Nyote. Hata wewe, Mhehe." Hilo ndilo neno lako la mwisho kwangu. Kisha ukapiga goti peke yako, ukatumbukiza bomu, nalo halikutoka. Lilipasukia humohumo ndani ya bomba.

Nilichokiona sikiandiki.

Sasa sikia wewe ambalo hukulisikia. Wiki ileile waliweka baraza la uchunguzi ndani ya hema. Nilipelekwa na bandeji yangu, mkalimani akaniuliza, je, ni kweli serjenti aliwafukuza watu wake kwenye mzinga kinyume cha utaratibu? Nikasema ni kweli, alitufukuza ili tusife. Mkalimani akatafsiri ile "ni kweli" tu. Nilipotaka kuendelea niliambiwa nitoke. Wakaamua kwamba ni ajali, na kwamba imeletwa na uzembe wa serjenti mwenyewe, kwa kuutumia mzinga peke yake. Umeelewa, Asajile? Kutuokoa kwako ndiko kulikofanywa kosa lako. Habari za masanduku hazikutajwa hata kidogo.

Taarifa hiyo ndiyo aliyoletewa mama yako. Uzembe! Wewe, uliyekuwa unakagua kamba za viatu vyetu! Mama hakulia mbele ya yule aliyeileta. Lakini Jumapili iliyofuata hakukaa kwenye benchi lake la mbele kanisani. Alikaa mlangoni, pamoja na wanaochelewa. Akaendelea kukaa hapo. Watu walimpisha njia kwa upole, na upole huo, ndugu yangu, ulikuwa mbaya kuliko tusi.

Subilaga mkeo hakukaa mlangoni. Unamjua. Mwalimu Yeremia, yule aliyeteuliwa kuingia kwenye Baraza la Kutunga Sheria, alipopita Mbeya kusikiliza haja za watu, mkeo aliniita nipande basi kutoka Iringa. Tukaenda wote kwenye uwanja wa shule. Watu waliuliza habari za barabara, za mbolea, za zahanati. Subilaga akasimama, mtoto mgongoni.

"Mheshimiwa, nataka ukaniulizie jambo moja. Nani aliyenunua mabomu yale, na nani aliyeyatazama kabla hajampa mume wangu?"

Mwalimu akajifuta jasho, na hakukuwa na jua. "Mama, mambo ya jeshi hayaulizwi ovyo."

"Basi ninyi huko mnauliza nini? Bei ya ndizi?"

Watu wakacheka, Mwalimu akainamisha kichwa. Nilidhani amekasirika. Mkutano ulipokwisha alitufuata mwenyewe kwenye kivuli cha ukuta wa darasa, akanitaka nimsimulie yote, na mkono wangu akautazama bila kuona kinyaa. Aliniuliza mara mbili kama kweli ulimwambia Kapteni kabla. Nikasema nilisikia kwa masikio yangu haya. Akasema, "Nitauliza. Ila mjue, kuuliza kwetu ni kama kubisha hodi kwenye nyumba ambayo mwenyewe amekaa ndani na hataki kuitika."

Tulikwenda Dar es Salaam kumsikia. Subilaga alisema hawezi kuletewa jibu la mumewe kwa mdomo wa mtu. Safari ile sikusimulii: vumbi, kutapika kwa mtoto, joto la pwani lililotufanya tuvue masweta ya Mbeya kwa aibu. Tulikaa kwenye viti vya wageni, juu, nyuma. Chini yetu Waheshimiwa walikuwa na suti na feni zinazozunguka. Mambo yote yalikuwa Kiingereza. Karani mmoja kijana wa pale mjini, aliyekaa karibu nasi, akatuhurumia, akawa anatutafsiria kwa kunong'ona.

Mwalimu alisimama. Aliuliza kama serikali inajua kwamba serjenti mmoja wa Nyanda za Juu alionya juu ya ubovu wa mabomu kabla hayajamuua, na nani anayekagua silaha zinazonunuliwa kwa ajili ya askari wa nchi hii.

Mkubwa mmoja wa serikali akainuka, hata miwani hakuivua. Akasema uamuzi wa kununua silaha hufanywa Ulaya, hivyo hapa si mahali pake. Akasema uchunguzi ulikwisha kufanyika na ajali ilielezwa. Akasema zaidi ya hapo ni siri ya ulinzi. Akakaa. Asajile, hukupewa muda hata wa mtu kukohoa.

Nilidhani Mwalimu atanyamaza. Hakunyamaza. Akainuka tena, akauliza mabomu mengine ya shehena ile yako wapi.

Mkubwa yule akasema wananchi wasiwe na wasiwasi, yameshaondolewa nchini.

Yamepelekwa wapi?

Yameuzwa kwa serikali rafiki, nayo imeridhika nayo.

Na Waheshimiwa wengine wakagonga meza kwa furaha! Karani alipotutafsiria alikuwa ametazama chini. Mimi nilikuwa bado nameza neno lile, "imeridhika", nikamwona mkeo amesimama. Hakupiga kelele za kilio. Alisema kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayemsahihisha mtoto:

"Aliwaambia. Mume wangu aliwaambia ni mabovu, na ninyi mmeyauza."

Nyundo ikagongwa pale mbele. Askari wa mlangoni walikuja wawili, wakamshika mikono, mmoja wao akimwambia kwa sauti ya chini, "Twende, mama, tafadhali, twende." Aliendelea kuyasema hayohayo mpaka nje, kwenye ngazi, mtoto akilia mgongoni. Mimi nilifuata nyuma nimebeba masweta. Chini walikuwa wamekwisha kuendelea na swali la bandari.

Nilitaka kumfariji. Tulipanda basi la kurudi, na tulipoanza kupanda milima ya Iringa, baridi ikaanza kuingia madirishani, ndipo aliponigeukia. "Shemeji, huko walikoyapeleka kuna mke wa mtu. Leo anapika, hajui."

Nikampa sweta lake.

Mwalimu Yeremia hakuteuliwa tena. Amerudi kufundisha. Nilipita kumsalimia, akaniambia hana majuto, kisha akaniuliza kama nadhani angeuliza vizuri zaidi. Nikamwambia swali lilikuwa zuri, walioharibika ni wenye jibu.

Bwana Haraka amepandishwa cheo.

Jambo moja jema nikuambie, usije ukadhani nimekuletea uchungu mtupu. Nilikwenda kwenu milimani, nikamwomba mchungaji ruhusa, na baada ya ibada nikasimama mbele ya watu wote, mimi Mkatoliki wa Iringa, nikasema kwa Kiswahili changu yale niliyoyasikia na kuyaona nyikani. Subilaga akawa anayarudia kwa Kinyakyusa. Nilipofika pale uliponisukuma kifuani, nilishindwa. Alimaliza yeye.

Mama yako aliinuka pale mlangoni. Alitembea katikati ya kanisa, fimbo yake ikigonga sakafu, mpaka benchi la mbele. Waliokaa pale wakasogea. Akakaa.

Lakini hasira yangu haikukaa naye.

Mwezi huu walifika Mbeya mjini kuandikisha vijana jeshini. Ngoma, tarumbeta, na jukwaa la mbao pale sokoni. Nilikuwa nimekwenda kumwona Subilaga, nimevaa koti langu la jeshi kwa ajili ya baridi tu. Afisa mmoja akaniona, akanipungia mkono kwa furaha. "Njoo, mzee wa kazi! Panda uwaambie vijana faida za jeshi!" Wakanisaidia kupanda.

Basi niliwaambia. Niliinua mkono huu. Nikasema jina lako lote na kijiji chako. Nikasema kuhusu masanduku, kuhusu kiganja chako, kuhusu saa ya Kapteni. Nikasema Baraza liliuliza likaambiwa si mahali pake, na mabomu yakauzwa kwa watu wengine. "Mkipewa silaha, ulizeni nani ameikagua. Mkiambiwa Ulaya, ulizeni jina la mtu." Tarumbeta likapigwa kunizima. Wakanishusha kwa kunishika kwapani, nusura nianguke. Vijana kadhaa waliondoka. Wengi walibaki kwenye mstari, Asajile, kwa sababu viatu walivyoonyeshwa ni vipya na nyumbani hakuna kitu. Siwalaumu. Mimi na wewe tulisimama kwenye mstari wa namna hiyohiyo, tukicheka.

Ila mmoja, mrefu, wa upande wa Chunya, alipofika mezani nilimsikia kwa masikio yangu: "Bwana, mabomu yanakaguliwa na nani?" Afisa akamwambia asonge mbele. Kijana hakusonga. Akauliza tena. Waliokuwa nyuma yake walianza kunung'unika kwamba anawachelewesha, naye amesimama tu, kofia mkononi, anangoja ajibiwe.

Lala salama, ndugu yangu. Udongo wa kwenu ni mwororo, usikulemee. Mkeo yuko imara na mwanao ameota meno yako yale makubwa. Mimi nakuahidi hivi: wakinipandisha jukwaani tena, nitayasema tena. Wasiponipandisha, nitasimama chini, karibu na meza.

Mwenzako wa mzinga,
Vitalis