Yustina Ndani ya Pango

Jumatatu, 7 Julai

Kahawa tangu asubuhi. Saba Saba ni ya wenye mapumziko, sisi tuko shambani. Tumaini kachuma pamoja nasi. Hachumi kwa macho tena, anabonyeza kwa vidole. Laini anatia kikapuni, ngumu anaacha. Hata hivyo mbichi zimeingia nyingi. Baba yake kafoka, halafu kakaa chini kuzichambua mwenyewe. Kaona aibu. Mtoto ana miaka tisa na mboni zake nyeupe kama maji ya kuoshea mchele.

Jioni nesi kapiga simu. Madaktari wa mtoto wa jicho wanarudi ile hospitali ya kule chini ziwani, Jumanne ijayo. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza. Kisha nikakaa juu ya gunia.

Mwezi wa nne Tumaini alitoroka. Walishamvalisha gauni la kuingilia chumba cha upasuaji, akaanza kulia, mara akachoropoka mlangoni. Tulimkuta nyuma ya jiko la hospitali, kajibana kwenye kuni, anatetemeka. Zamu yake wakapewa wengine. Mpaka leo hajasema kwa nini.

Safari hii anaingia. Naandika ili nijisikie: anaingia.

Jumanne, 8 Julai

Nimemwambia wakati nasonga ugali. Kasema hapana. Wala si kwa ukali. Hapana tu, kama mtu anayekataa chumvi.

Baba Tumaini kasema akikimbia tena basi, tumwachie Mungu. Mama mkwe naye alikuwepo, kaongezea lake. "Mtoto halazimishwi kisu. Mimi marehemu mama yangu alikufa haoni na hakupungukiwa kitu." Nikajibu, ndiyo mama. Mdomoni ndiyo, moyoni hapana kubwa.

Nesi aliniambia neno moja ambalo halinitoki. Macho ya mtoto yakikaa gizani muda mrefu yanasahau kazi yake. Hata ukiyasafisha baadaye, hayakumbuki kuona. Kwa hiyo si suala la mwaka huu au mwakani. Mimi ni mwoga, hata radi naogopa. Lakini hili siliachi.

Alhamisi, 10 Julai

Kumenya kahawa mchana kutwa. Mikono inanuka.

Nimempigia mdogo wangu Kanisi, yuko Mbamba Bay, tutafikia kwake. Kafurahi. "Mlete, dada. Nimemtengea samaki, mbasa mzima. Huko milimani mnamlisha maharage tu, ataonaje?" Nimecheka. Nilikuwa sijacheka tangu Jumatatu.

Nikamuuliza kama anamkumbuka Yustina. Anamkumbuka vizuri.

Tulipokuwa wadogo kulikuwa na banda la video pale sokoni. Ikaja katuni ya msichana anayezunguka dunia na mbuzi wake, anamtafuta kaka yake aliyepotea. Kila mkanda na safari yake. Lugha ya huko ilikotoka, sijui wapi. Kwa hiyo kulikuwa na mtafsiri, Longino, anakaa juu ya kreti ya soda pembeni ya TV na kipaza sauti, anatuambia kila kinachosemwa. Yeye ndiye aliyempa jina Yustina.

Nilipenda ule mkanda wa pango. Yustina anaingia pango la giza tupu. Longino akasema kwa sauti nzito, "Hapa halii mtu! Anayelia hatoki!" Yustina akapita pango zima bila chozi. Banda likapiga makofi.

Tumaini nimemlea na hadithi hiyo. Akichomwa sindano, Yustina hakulia. Akiingiwa na mwiba, Yustina hakulia. Nataka auone mwenyewe kabla ya Jumanne, apate moyo. Nimemwambia Kanisi aitafute mtandaoni. Kasema, "Dada, wewe umezeeka au umerudi utotoni?" Lakini ataitafuta.

Ijumaa, 11 Julai

Kanisi bado. Tumaini hasemi na mimi. Nimeunguza maharage.

Jumamosi, 12 Julai

Imepatikana! Kanisi kaituma kwenye simu ya kupangusa ya Baba Tumaini. Hapa nyumbani inazunguka tu, haifunguki. Kesho baada ya misa nitapanda nayo juu nyuma ya kanisa, ndiko mtandao uliko.

Baba Tumaini kaniuliza, "Hivi ninyi Wanyasa ugonjwa wote mnatibu kwa sinema?" Nikamwambia, ninyi Wamatengo mnatibu kwa kunyamaza. Kanyamaza.

Jumapili, 13 Julai

Leo sijui niandikeje. Naanza tu.

Tulikaa kwenye majani, mimi na Tumaini. Wimbo wa mwanzo ulipoanza nikaujua wote, nikauimba bila maneno. Tumaini kaishika simu karibu kabisa, inagusa pua. Ndivyo anavyoona, kidogo kidogo, kipande kwa kipande. Nikawa namsimulia kama Longino. Huyu ni mbuzi. Hapa wanavuka daraja. Sasa pango, sasa angalia.

Nikasema, unaona, Yustina halii.

"Analia, mama."

Nikasema hapana, hayo ni maji ya pangoni yanadondoka.

"Analia. Mdomo uko hivi." Kapanua mdomo mpaka nikaona koo.

Nikachukua simu, nikarudisha nyuma, nikatazama kwa macho yangu mazima. Analia. Machozi makubwa kama maembe, yanaruka pembeni. Anaanza kulia mlangoni kabla hata hajaingia. Mbuzi naye analia. Kashika mkia wa mbuzi na wanalia wote wawili pango zima, mpaka wanatokea upande wa pili kwenye jua, na kamasi juu.

Mimi niliangalia nini siku ile? Nilikaa nyuma, mbele vichwa vya wakubwa. Nilikuwa nasikiliza kuliko kuona. Longino alisema halii, nami nikamwona halii. Na Longino lugha ile hakuijua hata neno! Alikuwa anatunga pale pale juu ya kreti, na sisi tunaitikia kama kwenye litania.

Nilitaka kucheka. Ndipo Tumaini akauliza, "Sasa mbona ametoka?"

Sikumwelewa.

"Mimi nililia kule hospitali. Chozi lilitoka lenyewe. Na anayelia hatoki. Ndiyo maana nikakimbia."

Kumbe hakukimbia kisu. Miezi yote hii mtoto anajua kwamba akiingia mle na chozi, harudi kwangu. Na aliyemwambia ni mimi.

Longino angekuwa hai ningeteremka leo leo nikamchape. Walishamzika zamani, Mungu amrehemu na uongo wake.

Nikamshika kichwa. Nikamwambia yule mzee alikuwa mwongo na mama yako aliamini. Yustina kalia na katoka, umeona mwenyewe. Kafikiri sana. Kauliza, "Hata kwa kelele?" Nikasema hata ukiamsha makaburi yote ya hapa kwetu Matiri.

Kalirudia pango peke yake, tena na tena, mpaka bando likaisha. Ndiyo hajasema bado. Wala hapana hajasema.

Jumatatu, 14 Julai

Mbinga mpaka Mbamba Bay. Kwenye kona nilishikilia kiti cha mbele. Tumaini kalala.

Asubuhi nilimkuta ameshavaa viatu. Niliogopa nikiongea atavivua. Mama mkwe kaleta mayai ya kuchemsha, kamfungia kwenye kitambaa chake cha kichwa. Hakusema neno la kisu. Baba Tumaini katusindikiza mpaka Mbinga stendi, ilhali kahawa iko juani haina wa kuigeuza. Alisimama dirishani mpaka gari linaondoka. Kasema, "Mwanangu, ukishindwa rudi tu." Nilitaka kumpiga kofi. Tumaini kamjibu, "Sijui bado, baba."

Kanisi katupokea kwa kelele zake. Mbasa kaliwa. Kesho asile kitu.

Naogopa. Akikataa mlangoni sina ujanja mwingine. Nitambeba? Ana miguu mirefu siku hizi. Hapana, simbebi. Aingie mwenyewe au nibaki nasali pale pale mpaka aingie.

Jumanne, 15 Julai

Walimwita wa tatu. Gauni lile lile la kijani. Mlango ule ule.

Alifika kizingitini akasimama. Midomo ikaanza kucheza. Nikaona bega linageuka kidogo kuelekea nje, kama mwezi wa nne. Mikono yangu niliifunga kwenye kanga ili nisimsukume.

Akamuuliza nesi, "Naruhusiwa kulia?"

Nesi kaangua kicheko. "Lia, mwanangu. Hapa kulia hatutozi."

Basi akalia. Yesu na Maria. Kalia kwa sauti ambayo sikujua anayo, na huku analia anatembea. Mguu, kilio, mguu, kilio. Kaingia mwenyewe. Mlango ukafungwa na bado tunamsikia. Mgonjwa mmoja, bibi kizee, kaniuliza, "Huyo ndiyo wameshamkata?" Nikasema bado, shikamoo bibi, anaingia tu. "Marahaba. Basi mapafu mazima," kasema.

Kisha kimya. Kimya kilikuwa kibaya kuliko kilio. Rozari ilinipotea katikati, nikaanza upya, ikapotea tena. Nililia mimi. Sikujificha.

Wakamtoa kwenye kitanda cha magurudumu, kalala, jicho la kulia limefunikwa. Katoka. Anapumua. Nilimhesabu pumzi kama wakati mchanga.

Jumatano, 16 Julai

Asubuhi daktari kafungua bandeji. Kaonyesha vidole, Tumaini kavitaja. Daktari karudi nyuma mpaka ukutani, kaonyesha tena, mtoto kavitaja. Kasema jicho limekubali, litazidi kuona siku hadi siku. Nikasema asante mara nyingi.

Tumaini katazama dirishani muda mrefu. Kisha kagusa lile jicho lingine, la kushoto, bado jeupe.

"Hili lini?" kauliza.

Nesi kasema wakirudi madaktari, kabla ya Krismasi.

"Nitalia tena," kamwambia.

Nesi kaandika.

Sasa amelala. Upepo wa ziwani unaingia, nimemfunika miguu. Nimempigia baba yake, hakuongea, nilisikia tu kahawa inageuzwa. Uji upo, ataukuta.