Moto wa Juu Ndio Mpishi

Kibokoni, Mvita
9 Mfunguo Mosi 1323

Kwa dada yangu Jawahir, huko Lamu,

Salamu nyingi kwako na kwa Yeslam. Sisi wazima, ila Baba. Miguu imemvimba, akipanda ngazi hupumzika mara tatu. Tabibu wa Ndia Kuu amekataza samli na kila cha kukaangwa, nami nijualo jikoni ni kukaanga tu. Siku nne nimemchemshia samaki. Asema, "Mimi ni mgonjwa, si paka." Sasa hali chakula kabisa.

Jana alasiri nilisinzia, nikamwona marehemu Mama amechutama, apuliza makaa juu ya kifuniko cha chungu. Nilipoamka nilikuwa bado naisikia harufu ya ukwaju. Wewe ndiye uliyekuwa ukimshikia koleo. Alifanyaje?

Najua Baba aliapa, siku ulipomchagua Yeslam awe mumeo, kwamba hatakula tena cha mkono wako. Ni miaka sita. Lakini sina mwingine wa kumwuliza.

Nduguyo mdogo,
Badria

Lamu
24 Mfunguo Mosi

Mdogo wangu Badria,

Wa alaika salaam. Afya tunayo, alhamdulillahi. Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikaketi nikalia.

Sikiliza. Samaki mpake ukwaju, thomu na pilipili manga, na pilipili usiionee choyo. Mfunike kwa jani la mgomba, umlaze chunguni. Mafuta usitie hata tone. Chini weka makaa machache, juu ya kifuniko yajaze. Moto wa juu ndio mpishi, wa chini ni msaidizi tu. Kisha usifunuefunue. Mama alikuwa akisoma Yasini mara mbili, polepole, na samaki huwa tayari.

Usimwambie Baba. Akijua mapishi yametoka kwangu atasukuma sahani, na asipokula tutamkosa. Nimemwuliza Yeslam, "Nikimfunza Badria, je, huo si mkono wangu?" Acheka, asema hakuna mkono unaofika Mvita kutoka Lamu. Mimi sina hakika.

Dada yako,
Jawahir

Kibokoni
17 Mfunguo Pili

Dada yangu mpenzi,

Hamjambo huko? Samaki wa kwanza aliungua chini, juu mbichi, kwa kuwa niliuogopa moto wa kifunikoni. Bi Maleka, jirani, hasikii tena mafuta yakilia kwetu, akadhani tumefilisika. Akaleta sahani ya bajia! Baba akanyoosha mkono, nikaiwahi. Nimezila zote mwenyewe ngazini, Mungu anisamehe.

Jana nilipata. Nyumba ilikuwa kimya hata nikasikia makaa yakijipasua. Harufu ilipanda ngazi taratibu, ikamkuta Baba kati ya usingizi na macho. Alikula mpaka ukabaki mfupa. Kisha akaniuliza:

"Huu si mkono wako, Badria. Ni nani alokufunda?"

Nikasema, Mama, ndotoni. Haukuwa uongo mtupu.

"Mamako hakuwa akitia pilipili manga nyingi hivi. Ni mtu mmoja tu nyumba hii alokuwa akiiba na kuongeza."

Akageukia ukutani. Tangu hapo hajatia kitu kinywani. Dada, naogopa.

Nduguyo,
Badria

Kibokoni
21 Mfunguo Pili

Dada,

Sikungoja jibu lako. Juzi Baba aliniita alfajiri, akaniambia nipike samaki kama yule, wa watu kumi, nikaribishe maskini wa mtaani. "Kumi kamili, wasipungue." Nimeazima vyungu nyumba tatu. Ua mzima ulikuwa makaa juu, makaa chini, na moshi mwembamba kama wa udi.

Aliwahesabu mwenyewe kutoka dirishani. Wa kumi alipokwisha kunawa, Baba akaniagiza sahani yake. Akaiweka magotini, akasema, "Ongeza pilipili manga."

Dada, wajua wewe kama nijuavyo mimi. Kulisha maskini kumi ndiyo kafara ya kiapo.

Badria

Lamu
29 Mfunguo Pili

Badria wangu,

Barua hii yatangulia kidogo tu. Yeslam amenitafutia nafasi melini, na nitafika kabla ya Idi Kubwa, inshallah. Mwambie Baba, au usimwambie, mimi sijui lipi ni jema. Nalia na kucheka pamoja.

Siku nitakayofika usipike. Washa makaa tu.

Dada yako,
Jawahir